Uchachu Usio Wake

Michungwa kumi na miwili ya nyuma ya nyumba ilianguka kabla ya adhuhuri, na aliyetaka ikatwe alikuwa Hamisa Sadala mwenyewe. Mumewe, Faraji, alimuuliza mara mbili huku shoka likiwa mkononi.

"Una hakika, mama Rama?"

"Nina hakika. Kata."

Akakaa barazani, khanga ameivuta hadi kidevuni, titi la kushoto likimpwita kama jipu, akasikiliza mti mmoja baada ya mwingine ukipasuka na kulala chini. Miche ile aliichukua kwa mama yake mwaka alioolewa pale Mazingara, akaimwagilia kwa ndoo kichwani kiangazi kizima hadi ikashika. Iliwalea watoto wake. Kila msimu malori yalikuja kupakia machungwa hapo hapo uani. Siku ile aliiangalia kama mtu anayemwangalia mwizi aliyelala naye nyumba moja miaka thelathini bila kumjua.

Aliyemwambia kwamba mwizi ni michungwa anaitwa Sabiri. Tuanze kwake.

Mwaka huo, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Hamisa alipokuwa akioga aliligusa donge dogo chini ya titi. Halikuwa na maumivu. Lilikuwa gumu, kama kokwa ya ubuyu iliyojificha kwenye nyama. Alikaa nalo wiki mbili, kisha akaenda zahanati ya kijiji. Mganga wa zahanati alimpima kwa vidole, uso ukambadilika, akamwandikia barua ya kwenda hospitali Korogwe. "Usikae nayo, mama," alimwambia. "Hata kesho nenda." Hamisa aliikunja barua akaiweka ndani ya sanduku la nguo, akasema ataenda sikukuu ikishapita.

Sikukuu ikapita. Siku ya mnada wa Mkata akamkuta Sabiri.

Alikuwa amevaa koti jeupe refu na miwani, nyuma yake bango lenye picha ya mtu mwenye misuli akinywa maji. Mezani pana glasi nne na kichupa cha dawa ya matone. Alitia tone kwenye soda, ikageuka rangi ya chungwa bivu. Akatia kwenye juisi ya limau, ikawa nyekundu. Akatia kwenye maji yake yeye, yakawa bluu kama anga baada ya mvua. Watu wakasogea.

"Kansa ni mtoto wa asidi," alisema kwenye kipaza sauti. "Mwili wenye asidi ndiyo nyumba yake. Mwili wenye alkali, kansa haikai. Sasa jiulizeni, mnakula nini?" Akaanza kutaja: soda, nyama, nyanya, sembe, limau, machungwa.

Watu walipopungua, Hamisa alimsogelea akamweleza habari ya donge lake kwa sauti ya chini. Sabiri alimwuliza anaishi wapi na analima nini. Alipojibiwa, akatikisa kichwa taratibu, kwa huruma.

"Basi mama yangu, umeulisha mwenyewe. Miaka thelathini unaulisha ugonjwa wako."

Neno lile lilimwingia kama mwiba, na kwa kuwa lilimwuma akaliona la kweli. Mtu anayekulaumu huonekana kana kwamba anakujua. Hamisa alirudi nyumbani na madumu mawili ya maji na pakiti ya vikaratasi vya kupimia. Barua ya zahanati ilibaki sandukuni, chini ya gauni la kitenge.

Masharti yalikuwa haya: glasi nane kwa siku, asiguse tunda kali, asile nyama, na kila asubuhi achovye kikaratasi kwenye mkojo wake. Kikiwa cha njano, bado ana asidi. Kikiwa cha bluu, mwili umegeuka. Wiki ya kwanza kilikuwa cha njano. Wiki ya tatu kikawa kijani. Mwezi wa pili kikawa bluu, na Hamisa alimwita Faraji aje akione, akakianika dirishani kama cheti cha shule. Alimpigia Sabiri simu.

"Umeona sasa?" alisema Sabiri. "Mwili umegeuka. Ongeza glasi mbili."

Asubuhi zote kikaratasi kilikuwa cha bluu, na kila mwezi uvimbe ulikuwa mkubwa zaidi. Alipomwambia hivyo, Sabiri alisema ni sumu inajikusanya ili itoke. Akakonda. Mkono ukaanza kuwa mzito. Mwezi wa sita ngozi ya titi ikabadilika, ikawa nene yenye vitundu vidogovidogo, na alipoitazama kwenye kioo akaifunika upesi kwa khanga, kwa sababu ilifanana kabisa na ganda la chungwa.

Alimweleza Sabiri. Yule bwana akamjibu kwenye simu, "Si nilikwambia? Ndiyo machungwa yenyewe yanatoka. Yaondoe hata hapo nyumbani. Usiyaone wala usiyanuse."

Ndipo Faraji akanoa shoka. Na usiku ule, katika dua zake, Hamisa alimwomba Mungu amsamehe kwa machungwa yote aliyokula na kuwalisha wanawe.

Mwezi mmoja baadaye mdogo wake Hafsa, anayekaa Kwamndolwa pale Korogwe, alikuja kumsalimia. Alianza kwa kuuliza michungwa imekwenda wapi. Hamisa alimweleza, akafungua khanga amwonyeshe. Hafsa alilitazama titi lile mara moja tu. Akainuka, akaingia chumbani, akafungua sanduku la dada yake na kuanza kutia nguo kwenye begi, na katikati ya nguo akaikuta barua. Akaisoma tarehe.

"Dada, hii ni ya miezi saba nyuma."

"Nilikuwa na dawa."

"Vaa. Tunaondoka."

"Sijamaliza dumu."

"Dada, vaa."

Korogwe walimkata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kikapelekwa kupimwa, na majibu yalipokuja daktari aliwaita wote wawili akawaeleza bila kuzunguka. Ilikuwa kansa, tena imefika kwenye tezi za kwapani. Wakampeleka hospitali kubwa kule Moshi. Huko wakapanga kwanza atundikiwe dawa kwenye mshipa, kila baada ya wiki tatu, uvimbe upungue, kisha afanyiwe upasuaji. Kati ya dozi na dozi angekaa kwa Hafsa.

Siku ya dozi ya pili aliyemtundikia dripu alikuwa muuguzi mrefu, mwembamba, mwenye matundu ya masikio yaliyotanuliwa kidogo, jina lake Naitoi.

"Shikamoo, mama. Naona kwenye faili unatoka Handeni. Hata mimi ni wa pande hizo, boma la baba yangu liko mbugani upande wa Kibirashi."

"Marahaba, mwanangu. Basi sisi ni majirani."

Wakaongea habari za mvua na za ng'ombe. Naitoi alipoinama kuweka begi la Hamisa sawa, chupa ya maji ya Sabiri ikadondoka. Alisoma kilichoandikwa, akaangalia picha ndogo iliyobandikwa juu yake.

"Mama, haya maji ni ya nini?"

Hamisa aliona haya. Alifikiri atagombezwa kama alivyogombezwa na Hafsa. Lakini yule binti alivuta kiti akakaa, naye akajikuta anasimulia yote: matone, glasi, kikaratasi cha bluu, ganda la chungwa, michungwa. Alipomaliza aliuliza swali ambalo lilikuwa likimkereketa tangu siku ya kwanza hospitalini.

"Niambie ukweli. Kwenye kansa asidi ipo au haipo?"

"Ipo," alisema Naitoi. "Ndiyo maana uongo wa mtu huyu ni mbaya. Ameuchovya kwenye kweli."

"Basi nimeileta mimi."

"Hapana. Nisikilize, mama. Asidi ile hutengenezwa na kansa yenyewe. Seli ya kansa ina pupa. Inakula sukari haraka kuliko seli nyingine, na mishipa ya damu ndani ya uvimbe imejengwa ovyo ovyo, hewa haifiki vizuri. Ulaji wa namna ile unaacha asidi nyingi. Sasa asidi ile ingebaki ndani ya seli, seli ingekufa kwa uchafu wake. Haikubali kufa. Kwenye ukuta wake imejaza pampu ndogondogo, nyingi kuliko za seli ya kawaida, na kazi yake ni kusukuma asidi nje."

"Nje wapi?"

"Kwa majirani zake. Seli nzima zinazoizunguka ndizo zinazoungua. Askari wa mwili wakifika pale penye uchachu wanalegea. Nyama inalainika, kansa inapata njia ya kupita. Hata baadhi ya dawa tunazowatundikia, zikikutana na uchachu ule, zinapata shida kuingia."

"Na ndani kwake yenyewe?"

"Ndani kwake kunabaki kuzuri. Tena kuna alkali zaidi kidogo kuliko ndani ya seli ya kawaida. Inaipenda hali hiyo, ndimo inamozaliana."

Hamisa akayatazama matone ya dripu yakishuka.

"Kwa hiyo kansa inajiwekea alkali ndani, halafu asidi inamwagia wenzake."

"Ndivyo."

"Na yule bwana alikuwa ananiuzia alkali ya kuiulia."

Naitoi aliirudisha chupa ndani ya begi.

"Na damu yangu? Haikuwa na asidi?"

"Damu haigeuki kwa kunywa maji wala kwa kula chungwa. Mapafu na figo zinailinda kila saa. Ikigeuka hata kidogo, mtu hawezi kwenda mnadani, tunamlaza chumba cha wagonjwa mahututi."

"Kikaratasi kilikuwa bluu. Nilikiona kwa macho yangu."

"Ulikichovya kwenye mkojo, mama. Figo zako zilikuwa zinaitupa ile alkali aliyokuuzia. Kikaratasi kilikuonyesha kinachotupwa."

"Na hii ngozi? Ni machungwa?"

"Uvimbe umeziba vijishipa vya maji ya mwilini, ngozi ikavimba. Madaktari dunia nzima wanaifananisha na ganda la chungwa, hata kwa watu wasiowahi kuona mchungwa." Kisha akaongeza, "Wapo wataalamu wanaotafuta dawa ya kuziba zile pampu, kansa isonge kwa asidi yake yenyewe. Bado wanajaribu. Mtu akikwambia anayo dumuni, mkimbie."

Hafsa, aliyemsindikiza hadi Moshi, alipokuja jioni kumchukua, alimkuta dada yake amekaa wima kitandani, macho makavu, taya zimekaza. Alidhani ni maumivu ya dawa.

"Nilimwomba Mungu msamaha," alisema Hamisa. "Unajua nilimwomba msamaha wa nini? Wa machungwa. Mtu mzima, nimesujudu, natubu kwa kula chungwa la shambani kwangu."

Hasira ile haikumtoka. Nywele zilikatika, kucha zikawa nyeusi, alitapika hadi akabaki kushikilia ukuta, nayo hasira ikabaki pale pale. Upasuaji ulipofanyika, titi lote liliondolewa pamoja na tezi za kwapani. Alimwuliza daktari mpasuaji kama hali ingekuwa hivi angekuja na ile barua siku alipoandikiwa. Daktari alikuwa mtu mwangalifu wa maneno. Alisema hakuna anayeweza kuapa, ila uvimbe mdogo kama ulivyokuwa siku ile mara nyingi huondolewa wenyewe na titi likabaki. Hamisa alimshukuru kwa kumwambia.

Wiki sita baada ya upasuaji, yeye na Hafsa walikuwa wakitoka Moshi kwenye kliniki. Basi liliposimama Mkumbara abiria wateremke, Hamisa aliona dirishani lile bango la mtu mwenye misuli, na mbele yake lile koti jeupe. Alikuwa ameshateremka kabla Hafsa hajamshika gauni.

Sabiri alikuwa anatia tone kwenye glasi ya limau. Watu kama thelathini walimzunguka, wengi akinamama waliotoka kuuza nyanya na mkaa barabarani. Hamisa alipenya hadi mezani. Hakupaza sauti.

"Dokta, unanikumbuka?"

Hakumkumbuka. Hamisa alikuwa amekonda, kilemba kimefunika kichwa kisicho na nywele.

"Mimi ni yule wa machungwa. Mazingara."

"Aa, mama yangu. Karibu. Unaendeleaje?"

"Nimekatwa titi. Nataka nikuulize mbele ya hawa. Maji haya mtu akiyanywa, yanapita wapi hadi yaufikie uvimbe?"

"Yanaingia kwenye damu, mama, yanaisafisha."

"Damu haigeuki kwa maji yako. Ingegeuka tungekufa. Yanatoka kwenye mkojo, ndiyo maana unatupa vikaratasi tupimie chooni. Ulijua hilo au hukujua?"

Watu wakaguna. Sabiri alitabasamu, akashusha kipaza sauti.

"Mama huyu amepitia magumu, tumhurumie. Wapo wasiomaliza dozi, halafu hospitali wanawawahi na visu."

"Nilimaliza. Miezi saba. Nilimaliza hadi michungwa yangu ukaimaliza." Akasogea karibu zaidi na meza. "Uliniambia nimeulisha ugonjwa mwenyewe. Asidi unayoisema inatengenezwa na kansa, inaitema nje iunguze nyama nzima. Haikutoka shambani kwangu. Ulinibebesha uchafu usio wangu, halafu ukanitoza kuutua."

Sabiri akaongeza sauti ya spika na kuweka muziki. Watu wengine waliondoka. Wengine, na hili ndilo lililomchoma Hamisa kuliko muziki, walimtazama kwa huruma, wakamzunguka, wakaenda kununua. Bibi mmoja alimwambia kwa upole, "Mwanangu, kila mtu na bahati yake," akapokea dumu lake.

Alipogeuka, aliona mwanamke kijana, mgongoni amembeba mtoto, amesimama na chupa bado haijafunguliwa. Alikuwa akimtazama Hamisa kifuani, upande uliolala. Hamisa akamshika mkono wakaenda nyuma ya banda la chipsi.

"Unaitwa nani?"

"Maryamu."

"Una nini?"

Yule binti alisogea karibu. Aliuchukua mkono wa Hamisa akauweka kwenye titi lake la kulia, karibu na kwapa. Kivimbe kilikuwapo. Kidogo, kigumu.

"Tangu lini?"

"Mfungo mosi, Ramadhani ilipoisha."

Hamisa akafungua vifungo vya gauni lake akamwonyesha kovu, refu, bado lina wekundu. Hakuwa amemwonyesha mtu yeyote zaidi ya Hafsa, hata Faraji alikuwa hajaliona. "Tazama vizuri," alisema. "Sikutishi. Hii ndiyo bei ya kungoja. Kesho tunakutana hospitali Korogwe saa mbili asubuhi. Usipokuja nitakuja kukutafuta nyumba kwa nyumba."

Maryamu alikuja, saa moja na nusu. Chake kilikuwa kansa pia, lakini changa. Alifanyiwa upasuaji mapema, titi likabaki, na hadi leo ananyonyesha upande mmoja kwa kiburi.

Habari ya Sabiri haikuisha vizuri namna hiyo. Hamisa alikwenda ofisi ya wilaya kushtaki. Mtumishi aliyempokea aliyachunguza makaratasi ya Sabiri, akasema hana tatizo, kibali ni cha kuuza maji ya kunywa.

"Maji hayana kosa, mama."

"Kwenye chupa ni maji," alisema Hamisa. "Mdomoni mwake ni dawa. Ninyi mnasoma chupa. Nani anasikiliza mdomo?"

"Leta ushahidi."

Hamisa akagusa kifua chake. Yule mtumishi akatazama pembeni, akamwambia aandike barua. Aliandika, Hafsa akimsaidia, mara tatu. Baada ya barua ya tatu watu wa afya walikuja wakachukua chupa mbili, na wiki ile ile Sabiri akafunga bango akaondoka. Hakukamatwa. Jamaa waliotoka upande wa Kilindi walisema wamemwona huko, koti lile lile, maji yamebadilishwa jina. Hamisa alipoambiwa hivyo hakula siku nzima. Faraji alijaribu kumtuliza, akasema walau huku ameondoka.

"Kilindi hakuna wanawake?" alimwuliza.

Faraji alikaa chini kwenye mkeka. "Shoka nililishika mimi," alisema. "Nilijua ni upuuzi, nikakata."

"Kwa nini hukunikataza?"

"Uliniambia una hakika. Nikaogopa, nikikataa na ukifa, itakuwa mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo. Hamisa alimtazama muda mrefu. Halafu akamwambia asogee, akampa mkono wake mzito, ule wa upande ulioondolewa tezi, amkande kama walivyofundishwa hospitali, kutoka kwenye vidole kupanda juu.

Sasa kila Alhamisi, siku ya kliniki ya watoto pale zahanati ya Mazingara, mganga humwachia Hamisa robo saa kabla ya kuanza kupima uzito. Husimama mbele ya benchi la akinamama. Hana karatasi wala picha. Huwafundisha kujigusa, kwapa hadi chuchu, na huwaambia mambo mawili ambayo ndiyo hasira yake yote: kwamba ugonjwa huu hawakuupika wao jikoni, na kwamba barua ya zahanati hailazwi sandukuni.

Alhamisi iliyopita mwanamke mmoja wa Kimaasai, Nairesiae, aliyetembea tangu alfajiri na mjukuu wake, alinyoosha mkono.

"Na wewe, umepona?"

Benchi zima likamgeukia Hamisa.

"Sijui," alisema Hamisa. "Kila miezi mitatu naenda wananiangalia. Mpaka sasa hawajaona kitu. Nilichelewa miezi saba, na hiyo hakuna anayeweza kunirudishia."

Nairesiae akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi mjukuu kwa mwenzake wa pembeni, akainuka. "Basi nielekeze tena hapo kwenye kwapa," alisema. "Sikuona vizuri."